Mipaka ya Jimbo na Kura Yako: Mwongozo kwa Wapiga Kura wa Mbeya na Iringa

Nini kimebadilika?
Tarehe 12 Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, nchi nzima yakafikia 272. Jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa, likapatikana Jimbo la Uyole. Mkoani Iringa, Mafinga Mjini ilipata jimbo lake mwaka 2015.

Yanakuhusu vipi?
Mkazi wa Uyole aliyepiga kura mwaka 2020 alikuta wagombea wengine wa ubunge mwaka 2025, ingawa kata yake na Halmashauri ya Jiji ni zilezile. Mpaka ukihama, chama kinaweza kupata au kupoteza kiti hata kama hakuna mpiga kura aliyebadili msimamo.

Nani hugawa majimbo?
Kwa Ibara ya 75 ya Katiba, ni Tume, kwa kibali cha Rais. Huchunguza mipaka angalau kila baada ya miaka 10, ikizingatia idadi ya watu, mawasiliano na jiografia.

Mahakama inaweza kuingilia?
Tanzania, Ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza jambo lililofanywa na Tume katika kutekeleza madaraka yake kwa mujibu wa Katiba. Kenya, Ibara ya 89 inampa mtu siku 30 kupinga mipaka mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamuru baadhi irekebishwe. Huko Alabama, Marekani, uchaguzi wa 2024 ulitumia ramani iliyoamriwa na mahakama, na kiti kimoja kikatoka Republican kwenda Democratic.

Ufanye nini?
Kwa kuwa kwetu mlango wa mahakama ni mwembamba mno, sema mapema. Maombi ya kugawa jimbo hupitia Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha ya Mkoa, ndipo yafike kwa Tume.

- Muulize diwani wako kama kuna pendekezo mezani.
- Hudhuria mkutano wa mtaa au kijiji, utoe hoja zenye ushahidi: idadi ya watu, umbali, barabara isiyopitika masika.
- Daftari la wapiga kura linapoboreshwa, hakiki jina, kata na kituo chako.

Mwananchi, usisubiri ramani itangazwe ndipo ulalamike. Toa maoni yako wakati bado inajadiliwa.