Tembe ya presha yenye jina geni

*Mimi ni mwanajeshi mstaafu wa Kayole. Kwa presha nilizoea Norvasc. Juzi nikapewa tembe za bei nafuu zilizoandikwa amlodipine. Naogopa kuzimeza.*

Mzee wangu, hofu yako naielewa, ila usikatize dawa. Norvasc ni jina la kibiashara. Kinachotibu ndani yake ni hiyo hiyo amlodipine. Hataza ya watengenezaji wa kwanza iliisha, wengine wakaruhusiwa kuitengeneza, bei ikashuka. Tembe zikiwa na rangi tofauti usijali; rangi haitibu presha. Soma pakiti: kama ulimeza miligramu 5, ziwe 5, na usimeze Norvasc na hizi mpya pamoja! Nunua kwenye kemisti yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Pima presha baada ya wiki mbili. Ikizidi 140/90, au miguu ikivimba, nenda hospitali ya Mama Lucy. Kifua kikibana ghafla, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.