Tambi za Kijapani Zisizo na Mchuzi: Somo la Kemia Jikoni

Tambi za unga wa ngano ni chakula cha kila siku nchini Japani. Aina ijulikanayo zaidi ulimwenguni ni rameni, ambayo huliwa ndani ya bakuli la mchuzi wa moto. Lakini ipo aina nyingine isiyotiwa mchuzi kabisa. Katika miaka ya 1950, migahawa ya vitongoji vya magharibi mwa Tokyo iliuza "abura soba", yaani tambi za mafuta. Mwaka 2008, mjini Nagoya, ilizuka aina ya "mazesoba", yaani tambi za kuchanganya, yenye nyama ya kusaga na pilipili. Mlaji hupewa tambi juu ya sosi kidogo, naye huzikoroga mwenyewe kabla ya kula.

Mchuzi ukiondolewa, huzuka maswali mawili. Tambi hupataje unyumbufu wake, ili zisivunjike wala kugandamana zinapokorogwa? Na sosi yenye mafuta hushikaje juu ya tambi badala ya kutuama chini ya bakuli?

Kazi ya alkali

Unga wa ngano una protini ambazo, zikipata maji na kukandwa, huungana na kufanya utando unyumbukao uitwao gluteni. Wajapani huongeza katika maji hayo chumvi za alkali ziitwazo "kansui", ambazo hasa ni sodiamu kaboneti na potasiamu kaboneti. Alkali huzifanya nyuzi za gluteni zishikane kwa nguvu zaidi, na donge huwa gumu. Aidha, unga una kemikali ziitwazo flavonoidi, ambazo hazina rangi katika hali ya kawaida lakini hugeuka manjano zikikutana na alkali. Kwa hiyo umanjano wa tambi hizi hauhitaji yai wala rangi ya kutiwa.

Kupata sodiamu kaboneti

Mahali pasipouzwa kansui, soda ya kuokea, yaani sodiamu haidrojeni kaboneti, yaweza kutumika. Soda hiyo ni alkali dhaifu, lakini ikipashwa moto hubadilika:

2NaHCO3 → Na2CO3 + H2O + CO2

Soda hutandazwa kwa tabaka jembamba katika chombo cha kauri au cha chuma kisichoshika kutu, kisha huwekwa ndani ya joko lenye nyuzi 150 za Sentigredi kwa muda wa saa moja. Chombo cha aluminiamu kisitumike, kwa kuwa alkali huila metali hiyo. Mvuke na kaboni dayoksaidi vikitoka, uzito hupungua: gramu 84 za soda huacha gramu 53 za sodiamu kaboneti. Hivyo mizani huonyesha kama badiliko limekamilika. Ikiwa uzito ungali juu ya kiasi hicho, soda irudishwe jokoni.

Unga upatikanao huwasha ngozi na macho. Usiguswe kwa mikono mitupu. Uhifadhiwe katika chupa yenye kifuniko na kibandiko cha jina. Usichanganywe na sodiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali kali zaidi na huunguza.

Tahadhari kuhusu magadi

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka magadi yanayotumiwa kulainisha maharage. Magadi ya asili, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania, yana sodiamu kaboneti na sodiamu haidrojeni kaboneti kwa pamoja. Kikemia ni ndugu wa kansui. Hata hivyo, magadi ghafi huweza kuwa na floraidi nyingi, na floraidi ikizidi huharibu meno ya watoto yangali yanakua. Rangi na ladha ya magadi havionyeshi kiasi cha floraidi. Kwa hiyo magadi ghafi yasitumike katika tambi hizi. Soda safi ya kuokea ndiyo ifaayo.

Kutayarisha tambi za watu wanne

Unga wa ngano gramu 400. Maji mililita 160. Chumvi gramu 4. Sodiamu kaboneti gramu 4.

1. Yeyusha sodiamu kaboneti na chumvi katika maji.
2. Mimina maji hayo katika unga kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha kanda kwa nguvu. Donge litakuwa gumu kuliko la chapati.
3. Lifunike kwa saa moja ili gluteni ilegee.
4. Lisukume hadi unene wa milimita 2, nyunyizia unga, likunje, kisha ulikate nyuzi nyembamba.
5. Chemsha tambi katika maji mengi kwa dakika 3 hivi. Zichuje bila kuzisuza, na uhifadhi maji kidogo ya kuchemshia.

Sosi inayoshika

Katika kila bakuli tia kijiko kimoja na nusu cha sosi ya soya, kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta na vijiko viwili vya maji ya tambi. Mafuta na sosi ya soya havichanganyiki vyenyewe. Lakini maji ya tambi yana wanga uliotoka katika unga; wanga huyafanya mazito, na vitone vya mafuta hukawia kukutana tena. Wanga uliobaki juu ya tambi nao huisaidia sosi kushika. Ndiyo sababu tambi hazisuzwi.

Weka tambi zingali moto, koroga kwa nguvu, kisha ongeza nyama ya kusaga iliyopikwa, majani ya vitunguu na yai la kuchemsha. Matone machache ya siki hutiwa mwisho. Asidi yake hupunguza ladha ya alkali.

Maswali

1. Gramu 21 za soda ya kuokea zikibadilika zote, zitaacha gramu ngapi za sodiamu kaboneti?
2. Tengeneza madonge mawili, moja likiwa na sodiamu kaboneti na jingine likiwa na chumvi tu. Linganisha rangi, ugumu na unyumbufu wake kabla na baada ya kuchemshwa.
3. Suza nusu ya tambi kwa maji baridi, kisha zitie sosi. Eleza tofauti utakayoiona katika bakuli.