Kabla ya Kuvuta Gari Bovu, Uliza Nani Atalisimamisha
Somo kwa madereva, utingo na wenye matrekta wa Garsen na Tana River

Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100. Ukishapita Gongoni na Marereni, vituo huwa mbalimbali na gereji ni za kutafuta. Ukifika Minjila na kushika njia ya Hola au ya Witu, hali ni hiyo hiyo. Gari likizima katika maeneo hayo, mara nyingi mwenyewe hangoji gari la bredauni. Husimamisha lori au pikapu inayopita, kamba ikatafutwa, na safari ikaendelea.

Kusaidiana barabarani ni desturi njema na hatutaki iishe. Hata hivyo, kuvuta gari kuna hatari ambazo wengi hawazioni hadi zimetokea. Watu wengi huuliza, "Nani atalivuta?" Swali la kwanza linafaa liwe, "Nani atalisimamisha?" Kila hatua katika somo hili inatoka kwenye swali hilo.

1. GARI LINALOVUTWA LIMEPOTEZA NINI

Injini ikizima, gari linabaki na magurudumu yake na uzito wake, lakini dereva amepunguziwa mambo matatu.

Kwanza ni nguvu ya breki. Kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki hutegemea injini. Injini ikiwa imezimwa, unaweza kukanyaga mara mbili au tatu kisha pedali ikawa ngumu kama jiwe. Breki ipo, lakini sasa inataka mguu wenye nguvu nyingi zaidi.

Pili ni wepesi wa usukani. Gari lililozoea usukani laini huwa zito kukata kona.

Tatu ni uhuru wa usukani wenyewe. Ufunguo ukitolewa, usukani hujifunga, na gari linaweza kwenda moja kwa moja mtaroni huku dereva ameushika. Magari ya kubonyeza kitufe huweza kubaki yamefunga usukani betri ikiwa imekufa kabisa. Usukani usipofunguka, gari hilo lisivutwe.

2. KAMBA AU CHUMA?

Tufanye hesabu kidogo. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, linapita mita 11 kila sekunde. Chukua kamba ya mita 4. Gari la mbele likifunga breki ghafla kwa sababu ng'ombe wameingia barabarani, la nyuma lisipofunga breki litaimaliza hiyo nafasi ya mita 4 kwa takriban sekunde moja tu. Mtu aliye macho huhitaji takriban sekunde nzima kuona hatari na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Hata dereva hodari wa nyuma amechelewa kabla hajaanza. Ndiyo maana gari lililovutwa kwa kamba mara nyingi hufika likiwa na bonde kwenye bampa.

Kamba ina kasoro nyingine. Gari la mbele likipunguza mwendo kwenye matuta, kamba hulegea na kulala chini, hata kuingia chini ya gurudumu. Likiongeza mwendo, kamba hukazwa kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho hukata kamba au kung'oa ndoano.

Chuma cha kuvutia huondoa mambo hayo mawili. Nafasi kati ya magari haibadiliki, na gari la nyuma haliwezi kuligonga la mbele. Kuna aina mbili.

Ya kwanza ni mtaimbo mmoja ulionyooka wenye tundu na pini kila upande. Hapa gari la nyuma lazima liwe na dereva wa kushika usukani na kusaidia breki.

Ya pili ina umbo la herufi A. Miguu yake miwili hufungwa kwenye fremu ya gari la nyuma, na kichwa chake kwenye kiungo cha trela cha gari la mbele. Gari la nyuma hufuata lenyewe, magurudumu yakijikata kwenye kona. Huko Marekani, wasafiri wenye nyumba za magurudumu huvuta gari dogo kwa chuma cha namna hii safari nzima, bila mtu ndani yake. Lakini wasafiri waangalifu huongeza vitu ambavyo sisi husahau: kifaa cha kukanyaga breki ya gari la nyuma pale la mbele linapofunga breki, minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini ya chuma, na taa za nyuma zinazowaka pamoja na za mbele. Kurudi nyuma na chuma hiki hakufai, kwa kuwa magurudumu hujikunja upande na chuma kupinda.

Zingatia hili: chuma huzuia kugongana, lakini hakipunguzi uzito. Gari la nyuma lisipofunga breki, la mbele linasimamisha magari mawili kwa breki za moja. Kwa hiyo kanuni ya pili ni hii: gari la kuvuta liwe zito kuliko linalovutwa, au angalau lilingane nalo. Probox tupu ina takriban tani moja, na Hiace ya abiria hukaribia tani mbili bila mzigo. Probox inaweza kuianzisha Hiace kwenye tambarare, lakini haiwezi kuisimamisha kwa usalama.

3. MAGARI YASIYOFAA KUVUTWA MAGURUDUMU YAKIWA CHINI

Gari la giya za mkono huvutwa likiwa niutro, handibreki ikiwa chini.

Gari la otomatiki ni jambo jingine. Mafuta ya giyaboksi yake husukumwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima na magurudumu yenye kuendesha gari yanazunguka barabarani, vyuma vya ndani husagana bila mafuta ya kutosha. Mtu huokoa gharama ya bredauni na kununua giyaboksi. Kama magurudumu ya mbele ndiyo yanayoendesha gari, yainuliwe kutoka ardhini. Kama gari ni fobaifo ya kudumu, lipakiwe lote juu ya lori. Kitabu cha gari hueleza kama linaweza kuvutwa mwendo mfupi na wa polepole. Fuata kitabu hicho.

Usivute kabisa gari ambalo breki zake hazishiki au usukani wake umeachia. Chuma hakiponyi maradhi hayo.

4. KUKWAMUA SI KUVUTA

Mvua ikinyesha au mto ukifurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, udongo mweusi wa delta hunasa hata lori. Kukwamua gari kwenye tope ni kazi tofauti na kulivuta barabarani. Chuma cha kuvutia hakifai hapa, kwani hupinda. Tumia kamba nzima isiyo na fundo wala mikato.

Chimbeni tope mbele ya magurudumu kwanza. Vuta polepole hadi kamba ikaze, ndipo uongeze nguvu. Watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na asiwepo mtu wa kuiruka kamba ikiwa imekazwa. Usifunge kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Kikikatika, huruka kama risasi.

Kwa wenye matrekta: fungeni kwenye upau wa chini wa kuvutia peke yake. Kamba ikifungwa juu zaidi, trekta huinuka mbele na kumwangukia dereva mgongoni, na hilo hutokea kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi.

Gari lililozimia majini lisisukumwe wala kuvutwa ili liwake. Maji yakiwa ndani ya silinda, injini huvunjika. Likitoka, lipelekwe kwa fundi. Breki zilizoloa zikaushwe kwa kukanyagwa kidogo kidogo kwa mwendo mdogo kabla ya kutegemewa.

5. KABLA YA KUONDOKA

a) Liondoeni gari kwenye lami kadiri inavyowezekana. Wekeni pembetatu za kuakisi mbele na nyuma. Matawi ya miti hayaonekani usiku, na yakiachwa barabarani huwa hatari kwa anayefuata.

b) Abiria wote washuke katika gari linalovutwa. Abaki dereva mwenye leseni peke yake, akiwa amefunga mkanda. Kama kuna mgonjwa au mama mjamzito anayekwenda hospitali, apande gari zima na awahishwe. Gari bovu lingoje.

c) Tafuteni mahali halisi pa kufungia. Magari mengi yaliyotoka Japani huwa na ndoano ya kuskrubu pamoja na jeki. Hukazwa kwenye tundu lililo nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa, mpaka mwisho, kwa spana ya magurudumu. Vile vitundu vyembamba chini ya gari vilikuwa vya kulifunga melini na havistahimili kuvutwa. Usifunge kwenye bampa, eksili ya mbele wala vyuma vya usukani.

d) Chuma kikae karibu sawa na ardhi, kisipande wala kushuka sana. Kila pini iwe na kifungio chake cha usalama. Msumari au waya wa kufungia miti haufai. Pitisheni mnyororo wa akiba, ili chuma kikiachia gari lisiende peke yake.

e) Fungeni kitambaa chekundu katikati ya chuma au kamba. Bodaboda huona nafasi kati ya magari mawili na kutaka kupenya, na mchungaji anaweza kuwapitisha mifugo hapo hapo. Nyuma ya gari la mwisho wekeni kibao: GARI LINAVUTWA.

f) Ufunguo wa gari la nyuma uwe umezungushwa hadi usukani uachie, na ubaki hapo. Jaribuni usukani na breki kabla ya kusogea.

g) Kubalianeni ishara: honi moja ni punguza, honi mbili ni simama sasa. Honi ya nyuma isipolia, au trekta ikiwa na kelele nyingi, utingo akae mahali salama ndani ya gari la mbele, aangalie nyuma na kumweleza dereva.

6. MKIWA NJIANI

Anzeni taratibu. Baada ya mita mia moja simameni, mkague pini na ndoano tena, kwa kuwa ndipo hulegea. Kisha kagueni kila baada ya kilomita chache.

Tunashauri mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa kwa chuma, na uwe mdogo zaidi kwa kamba. Nguvu ambayo breki inapaswa kuimaliza haiongezeki sawa na mwendo. Kutoka 40 hadi 60 huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwenye matuta na vituo vyenye watoto wa shule, nendeni mwendo wa mtu anayetembea.

Dereva wa mbele akanyage breki mapema na polepole. Dereva wa nyuma asiangalie simu. Kwa kamba, yeye ndiye anayeiweka ikiwa imekazwa, kwa kukanyaga breki kidogo kabla ya mwenzake. Taa za hazadi zikiwaka, taa za kukata kona hazionekani, kwa hiyo punguzeni mwendo mapema kabla ya kona ya Minjila.

Mkifika kizuizi cha polisi, simameni na mweleze gari limeharibikia wapi na mnalipeleka wapi. Usiku msivute. Liegesheni kituo cha karibu mpaka asubuhi. Pakiwa na majeruhi au hatari kubwa, pigeni 999 au 112.

7. WAKATI WA KUKATAA

Dereva unayeombwa msaada, una haki ya kukataa. Kataa kama gari lako ni jepesi, kama gari bovu limejaa mzigo wa mchele au maembe na mwenyewe hataki kuupakua, kama pini haina kifungio, au kama abiria wamegoma kushuka. Unaweza kusaidia kwa njia nyingine: beba ujumbe kwa fundi wa Garsen, chukua abiria wenye haraka, au acha maji ya kunywa. Huo nao ni msaada kamili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA STEJI NA VIKUNDI

1. Kwa nini kamba ya mita 4 haimpi dereva wa nyuma nafasi ya kutosha, hata kwa mwendo wa 40?
2. Ufunguo ukitolewa katika gari linalovutwa, kutatokea nini?
3. Chuma kinazuia hatari gani, na kinaacha hatari gani?
4. Kwa nini trekta ifungwe kwenye upau wa chini pekee?
5. Mgonjwa yuko ndani ya matatu iliyoharibika. Mtafanya nini kwanza?

Kila steji ikinunua chuma kimoja chenye pini na minyororo yake, kikatunzwa na mtu anayejulikana, hakuna dereva atakayelazimika kuvutwa kwa kamba ya mbuzi. Bei yake ikigawanywa kwa wanachama ni ndogo kuliko bampa moja, na haifikii hata kidogo gharama ya maisha ya mtu.