Jabir na Maumbu Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mtu aliyekulia katika nyumba ya ndugu wengi hujifunza mapema kugawana: sinia moja, mkeka mmoja, na mkate wa mwisho ukatwao vipande vidogo hatta kila mkono upate. Ugawanyaji huo ni mwepesi, kwani mama yupo na jicho lake laona. Kazi huja siku wazee watakapoondoka.

Siku hiyo ilimfikia Jabir bin Abdillahi, Mwansari wa Madina, angali kijana. Wapokezi wa khabari wametaja kuwa maumbu zake walikuwa saba, na wengine wasema tisa. Usiku wa kuamkia vita vya Uhudi, mwaka wa 3 wa Hijra (625), baba yake alimwita akamweleza kuwa aona atauawa miongoni mwa wa mwanzo. Akamuusia alipe deni lake na awafanyie wema ndugu zake wanawake. Assubuhi mzee yule akawa wa kwanza kuuawa.

Deni lililipwa kwa tende za shamba, baada ya Mtume (S.A.W.) kuziombea baraka, na tende zikabaki. Lakini deni likisha kulipwa limekwisha. Wasia wa pili hauna siku ya kwisha.

Jabir akaoa mwanamke mkubwa, aliyekwisha kuolewa kabla yake. Mtume (S.A.W.) akamwuliza mbona hakuoa mwanamwali wa kucheza naye. Akajibu kuwa baba yake ameacha mabinti, naye amechukia kuwaletea aliye kama wao; ametaka mke wa kuwachana nywele na kuwaangalia. Mtume akamwombea baraka. Msomaji asipite hapa upesi: kijana katika umri wa kutamani aliichagua ndoa yake kwa ajili ya vichwa vya watoto visivyo na wa kuvichana.

Khalafu Jabir akaugua sana, naye hana mtoto wala baba. Alilokuwa akiuliza kitandani ni mali yake itakuwaje, na maumbu zake awaachie kiasi gani. Ndipo ikashuka aya ya mwisho ya Suratu Nnisaa, ambayo Jabir alikuwa akisema imeshuka kwa ajili yake: maumbu wa mtu kama huyo, wakiwa wawili au zaidi, wana thuluthi mbili. Fungu lao likatoka katika hisani ya kaka, likawa haki.

Pwani hii husikika maneno mengine: dada ameolewa, mumewe anamlisha, shamba libaki kwa wanaume. Au hupelekewa kapu la nazi kila zinapoanguliwa, ikasemwa ndilo fungu lake. Basi na itazamwe hesabu. Baba amekufa, wazazi wake na mkewe wametangulia, deni na wasia vimetolewa. Ameacha wana wanaume 3, mabinti 4, na minazi 200. Mwanamume ana mafungu mawili, binti ana moja. Jumla ni mafungu 10. Kila mwanamume ana minazi 40, na kila binti 20. Minazi 80 ni ya mabinti tangu saa ile baba alipokata roho, na kila nazi iliyoanguliwa humo bila ya idhini yao ni deni juu ya aliyeila.