Krismasi ya Kizungu Kampala: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Kila Desemba naitwa kupamba sebule za Kololo, Ntinda na Munyonyo. Januari naitwa tena, kuangalia zulia lililotobolewa na moto. Imetosha.

MTI: FANYA
Nunua tawi la saipresi likiwa bichi, siku chache tu kabla ya sikukuu. Kunja kijiti chake. Kikivunjika kwa mlio, limekauka, mwachie muuzaji wake. Lisimike kwenye ndoo ya maji na uongeze maji kila asubuhi. Mchanga mkavu haunyweshi kitu.

MTI: USIFANYE
Usibandike pamba ya duka la dawa ukaiita theluji. Ikipata cheche, moto unafika juu kabla hujaita mtu alete maji. Theluji ya kopo nayo iache: mara nyingi husukumwa na gesi inayowaka, ndugu ya ile ya jikoni. Na theluji ya nini, hapa kwenye ikweta?

TAA: FANYA
Chagua LED za rangi moja, ya manjano hafifu. London, Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, ndiyo maana wenzetu huwasha kila kona. Wewe una jua hadi karibu saa moja. Mbili tatu zinatosha, na zizimwe kabla ya kulala.

TAA: USIFANYE
Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13, takriban wati 3,000. Birika la umeme peke yake laweza kula 2,000. Wala usiviringe waya chini ya zulia. Joto lake halina pa kutokea.

MEZA: FANYA
Kitambaa cheupe, kilichopigwa pasi. Poinsettia, ambalo Ulaya hununuliwa kwenye chungu, hapa linaota uani: kata, lakini vaa glavu, utomvu wake huwasha ngozi na macho. Ukitaka kutandika lubugo katikati ya meza, ni kitambaa cha gome la mti, tena cha heshima, UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Ila waulize wazee kwanza. Baganda huwafungia maiti wao humo, na nimeona jjajja mmoja, mzee wa familia, akiinuka mezani bila kugusa chakula.

MEZA: USIFANYE
Usiwashe mshumaa wa manukato karibu na luwombo, mchuzi uliopikwa ndani ya jani la ndizi. Mgeni amekuja kunusa jani hilo, si vanila. Mshumaa wowote ukae mbali na pazia na lubugo.

DOHANI BANDIA
Hapa hakuna la kufanya, kuna la kuacha tu. Usiingize sigiri ndani ya dohani ya mbao ya mapambo ili wageni waone makaa. Dohani hiyo haina bomba, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu: kichwa kinauma, usingizi unakuja, watu wanadhani ni bia. Wageni wakilalamika baridi, wagawie mashuka. Sigiri ibaki nje.