"Mama, Na Hiki Kinakwenda?": Mafunzo Niliyopata Tulipohamia Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini kwa familia nyingi za watumishi wa Dar es Salaam ulibaki kuwa habari ya redioni mpaka Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli. Mume wangu alitangulia na wizara yake, akapanga chumba huko. Mimi na watoto tukabaki Tabata kwa ajili ya shule, na miaka ikapita tukiulizana kwenye simu tunahama lini. Tulipoamua, tulikodi kampuni inayofunga vitu, inapakia, inasafirisha na kushusha yenyewe. Wapo waliotushangaa: mnalipa watu wawafungie sahani, na wadogo zenu wapo, na Fuso za kukodi zimejaa mjini?

Sijutii hela ile. Ila niligundua kwamba kampuni inakuuzia mikono iliyozoea, gari na vifaa. Kuamua hawakuuzii, na kuhama kwenyewe sehemu kubwa ni kuamua.

1. Vijana hufunga kila wanachokiona

Wanaingia asubuhi na maboksi yaliyokunjwa, mablanketi na solotepu za kutosha kufunga mtaa mzima, na kabla ya adhuhuri sebule imebaki kuta. Spidi hiyo ndiyo unayoilipia, na ndiyo hatari yenyewe. Jirani yetu mmoja aliyetutangulia Dodoma alifungua boksi la jikoni akakuta ndoo ya taka, imeviringishwa karatasi kwa adabu zote, na maganda ya viazi bado yamo.

Nyapara wa kikosi chetu, mtu mzima mwenye maneno machache, alinieleza siri yake. Kijana akiambiwa afunge chumba, hufunga chumba. Akiwa na shaka huja kuuliza: "Mama, na hiki kinakwenda?" Swali halina kosa, lakini likiulizwa kwa kila kitu nyumba nzima, jioni inawakuta jikoni na dereva anaanza kulalamika. Alinishauri nitenge chumba kimoja kabla hawajafika: vya kubaki, vya kugawa, mikoba yetu, viatu vya siku ile, chaja za simu na funguo zote ziingie humo. Tukatia kufuli, tukabandika karatasi mlangoni yenye neno moja: HAPANA. Maswali yalipungua mno.

2. Vya watu vitoke kwanza

Nyumba zetu hazina vitu vya mwenye nyumba peke yake. Kwetu kulikuwa na masufuria makubwa ya kikundi cha akina mama, viti vya plastiki vilivyobaki baada ya arobaini ya jirani, cherehani ya wifi yangu, na sanduku la binamu aliyekwenda masomoni akaoa hukohuko. Kuvirudisha kulichukua muda kuliko kufunga vyetu, maana kila kimoja kina mazungumzo yake, na mengine ni ya nusu siku.

Halafu kuna mgawo. Ndugu hawaombi waziwazi. Mtu anakuja kuwasalimu, anakunywa chai, anauliza habari za watoto, kisha anaegemea kabati: "Na hili nalo mnahama nalo?" Jibu liwe tayari kinywani, vinginevyo utakuwa umelitoa kwa aibu. Aliyepewa kitu kikubwa kisichoenea kwenye kile chumba cha HAPANA achukue chake kabla ya siku ya kufunga. Ukimruhusu aje siku hiyohiyo, atakikuta kimevishwa blanketi, kimo ndani ya gari chini ya magodoro, na hapo utachagua kugombana naye au na nyapara.

Msimamo wangu ni mkali: kitu ambacho hakikuguswa tangu masika ya mwaka juzi hakina haki ya kupanda gari. Mume wangu hakubaliani, na ndiyo sababu hapa Dodoma tuna redio mbili za kaseti.

3. Mkaguzi aonyeshwe mpaka banda la kuku

Malipo ya mizigo ya mtumishi anayehamishwa huhesabiwa kwa tani na kilomita, kwa hiyo nyumbani tulikuwa tunajadili uzito. Mkaguzi wa kampuni alipokuja hakuuliza kilo hata moja. Alitazama makochi, vitanda, magodoro na meza ya kulia, akaandika mita za ujazo. Vitu vya nyumbani ni vyepesi ukilinganisha na nafasi vinayokula. Gari hujaa juu mpaka mlangoni likiwa bado liko mbali na uzito wake. Godoro la sita kwa sita halina uzito wa kutisha, lakini liulize linalala wapi.

Basi mfungulie stoo, mvunguni, juu ya makabati, uani kwenye madumu na tangi la akiba. Bei inayotolewa kwa simu na mtu ambaye hajafika kwako ni ya kukuvutia tu. Ya kweli utaambiwa gari likiwa limeshaegeshwa mlangoni. Na usimwache aondoke kabla hujamuuliza gari lenyewe ni la namna gani, la wazi lenye turubai au la boksi lenye milango. Njia ya Dar hadi Dodoma, kilomita zipatazo 450, ni lami mwanzo mwisho, lakini matuta hayahesabiki, na ukishapita Gairo wakati wa kiangazi vumbi hutafuta tundu lolote la turubai.

Lori likishafikisha tani 3.5 hupita mizani pia, na pale Vigwaza foleni inaweza kula saa zako. Usiwaahidi majirani wapya kwamba mtashusha saa nane kamili.

4. Boksi likitikiswa lisiseme kitu

Hapa ndipo nilipoona tofauti ya mtu wa kazi na mdogo wangu. Mimi sahani nimezoea kuzipanga zikilaliana. Kijana aliyekabidhiwa jikoni alianza kwa kuweka tabaka la karatasi zilizofinyangwa chini ya boksi, kisha akazisimamisha sahani kwa ubavu, kila moja na karatasi yake. Iliyosimama hubeba mtikisiko kwa ukingo wake. Iliyolala hubebeshwa uzito wa wenzake kila gari linapodunda. Glasi zilisimama vilevile, karatasi imeshindiliwa mpaka ndani. Alipomaliza alilifunga boksi, akalitikisa taratibu huku ametega sikio. Likitoa sauti, linafunguliwa upya.

Nilimletea kanga na mashuka ya zamani ajazie mapengo, akafurahi. Kanga hupunguza karatasi, na mwisho wa safari nayo imefika. Magazeti aliyakataa kwenye vitambaa vyeupe kwa sababu wino huhama. Maboksi ya bure ya dukani, hasa ya biskuti na mafuta ya kula, aliyakataa kabisa: hubeba mayai ya mende, nawe utakuwa umewahamisha kwa nauli yako. Kwa sababu hiyohiyo tulipulizia dawa jikoni mapema, pamoja na nyuma ya friji karibu na mota, ambako mende hupenda joto lake.

Vitabu viingie boksi dogo. Boksi kubwa la vitabu ni jeuri tu. Halina wa kulinyanyua, na kitako chake huachia ngazini. Nyapara alikuwa akisema kilo 20 zinatosha kwa boksi lolote ambalo mtu mmoja anatakiwa kulibeba.

Kuna jambo moja wateja wengi hawaliulizi. Kampuni nyingi hazilipi fidia ya kitu kilichovunjika ndani ya boksi ulilofunga mwenyewe, kwa sababu hazijui ulifungaje. Kwa hiyo ukitaka kupunguza gharama, funga nguo, mapazia, matandiko na midoli ya watoto. Vyombo vya udongo, kioo cha meza ya kuvalia na runinga waachie wao. Na runinga isafiri imesimama. Ikilazwa, kioo chake hubeba uzito ambao hakikutengenezewa.

5. Andika jina la chumba cha kule

Tabata tulikuwa na stoo na chumba cha wageni. Nyumba ya Dodoma haina vyote viwili. Boksi lililoandikwa "stoo" lingemfanya kijana asimame katikati ya korido na kuanza tena na lile swali lake. Tuliandika vyumba vya Dodoma, ubavuni pande mbili, kwa sababu maboksi yakipangana sehemu ya juu haionekani. Kila boksi likapata namba, na ndani ya daftari langu namba ikapata maelezo. Nje hapakuandikwa "kompyuta" wala "kamera". Njiani gari hupumzika, kwa mfano Kibaigwa penye soko la mahindi, na si kila anayelizunguka ni mnunuzi wa mahindi.

6. Vyenye mota na vyenye gesi vina masharti yake

Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, ikaushwe. Samaki waliobaki waliwe au wagawiwe. Isafiri imesimama, imefungwa ubavuni mwa gari. Ikilazimika kulazwa, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mabomba, kwa hiyo ikishasimamishwa iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, hata kama watoto wanalilia maji baridi. Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele ilikuja na boliti za kuzuia pipa lake lisirukeruke safarini. Kama bado unazo, zirudishe nyuma yake kabla haijabebwa. Sisi tulizikuta kwenye kopo la misumari.

Mtungi wa gesi kampuni hawakuupokea, na walikuwa sahihi. Hata ule unaoitwa mtupu hubaki na mvuke ndani, na gari lililofungwa milango chini ya jua la Chalinze si mahali pake. Wetu tulimwachia mdogo wangu. Jenereta nayo ikamwagwa petroli kwanza.

7. Umeme unaubakiza kwenye mita

Wiki ya mwisho tulinunua LUKU kidogokidogo. Uniti ukishaziingiza ni za mita, na mita ni ya nyumba. Maji ni kinyume chake: unayatumia kwanza, bili inakuja baadaye. Lipa, piga picha ya mita ya maji siku unayotoka, na mwenye nyumba awe shahidi.

8. Mninga nao huhama

Hili sikulisikia kwa mtu yeyote kabla ya kuhama, ndiyo maana nalieleza kwa kirefu. Kitanda na kabati letu la nguo ni vya mninga, kazi ya mafundi wa Keko. Mbao hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa inayozizunguka. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, hewa yake nzito mwaka mzima. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100, na kuanzia Mei mpaka Novemba mvua karibu hakuna. Samani zilizozoea unyevu wa pwani zikifika huku hukauka na kusinyaa kidogo. Droo iliyokuwa ikikwama masika yote inaanza kuteleza, nawe unafurahi. Halafu milango ya kabati inaacha mwanya na kitanda kinaanza kulia usiku.

Fundi wa Dodoma aliyekuja kukiunga kitanda alikataa kutia gundi viungo siku ile. Alikaza boliti za kutosha kulalia, akasema atarudi kukaza tena mbao zikishatulia, na meza ya kulia tusiiweke panapopigwa na jua la dirishani. Alirudi kweli, na kila boliti ilikubali mzunguko wa ziada. Kwa safari yenyewe, kitanda kilifunguliwa baada ya kupigwa picha kila kiungo, na nati zake zote zikatiwa ndani ya soksi moja iliyofungwa na solotepu kwenye ubao wa kichwani. Nailoni iliondolewa siku ileile tuliyofika. Mbao na magodoro yaliyofungwa katika joto la Dar yakiachwa ndani ya nailoni muda mrefu, unyevu hugeuka ukungu.

9. Mkoba usiopanda gari

Vyeti, hati, dawa, dhahabu, sare za shule. Tuliongezea birika, sukari, majani ya chai, chandarua, balbu, bisibisi, ekstensheni na kufuli jipya la mlango. Sisi tulipanda treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 inafika Dodoma, tukawahi kabla ya lori. Lilipoingia tayari tumekwisha kuamua kila kochi linakaa wapi, na vijana wakakuta chai. Posho ya usumbufu, ile anayopewa mtumishi anayehamishwa, haitaji chai wala maandazi, lakini haina matumizi bora zaidi.

10. Soma kabla ya kusaini, mara mbili

Kabla ya kupakia, nyapara hujaza orodha na hali ya kila kitu. Akiandika "meza, imekwaruzwa", nenda ukauone mkwaruzo huo, kwa sababu ukishasaini, mikwaruzo yote ya meza hiyo ni ya zamani. Nilipiga picha kila samani mbele yake, naye hakukasirika. Alisema inamlinda hata yeye.

Kushusha ndiko kuna haraka zaidi. Dereva anataka kugeuza usiku huohuo, na unapewa karatasi yenye maneno "vimepokelewa vyote salama" wakati wewe hata mashuka hujui yako wapi. Nilihesabu maboksi kwa namba za daftari, kisha juu ya sahihi yangu nikaandika: idadi imetimia, ndani hayajafunguliwa. Nyapara aliisoma, akasema mwisho wa kuleta malalamiko umeandikwa nyuma ya karatasi, niusome kabla hajaondoka. Tukausoma pamoja, nikamlipa salio, akaniandikia risiti.