SOMO: BEI YA MAFUTA NA GHARAMA YA KUBEBA KILO MOJA



Katika somo hili tutazungumzia jambo linalomgusa kila mwanachama, ingawa wengi wetu hatuna gari: kupanda kwa bei ya mafuta. Mkulima anayebeba kahawa yake kichwani au kwa baiskeli hadi kituo cha kununulia hanunui dizeli, wala aghalabu hajui bei yake. Hata hivyo dizeli hiyo huilipa. Huilipa katika makato ya kila kilo, katika bei ya sabuni dukani, katika ada ya kusaga debe la mahindi au muhogo, na katika nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Shabaha ya somo ni kumwezesha katibu wa chama cha msingi asimame mbele ya mkutano na kueleza ni shilingi ngapi hasa zimeongezeka katika kilo moja, na kumwezesha mwanachama amwulize maswali yanayostahili.

Bei hutoka wapi

Nchi yetu huagiza kutoka nje mafuta yote ya magari. Kwa hiyo kila msukosuko wa ulimwengu hufika kijijini, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mwezi Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na kabla ya Januari 1974 kwisha bei ya pipa ilikuwa imepanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979 ilipanda tena hadi kupita dola 30, wakati Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera na hazina haikuwa na fedha za kigeni. Wazee wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wanakumbuka pia mazao yaliyolala katika maghala ya vijiji kwa kukosa lori, matairi na dizeli. Na wakati huo vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa tangu 1976, hata sheria ya 1982 ilipovirudisha.

Msukosuko wa 2022 ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, bei ya pipa ilipita dola 120 mwezi Machi, na kuanzia mwezi Juni Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali.

Bei ya ulimwengu ni sehemu moja tu ya mzigo. Juu yake huja nauli ya meli, gharama za bandari, kodi na tozo, faida ya wafanya biashara, na usafiri wa kutoka bandarini hadi wilayani. Tangu Januari 2009 EWURA hutangaza bei kikomo, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita, na siku hizi tangazo hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, likionyesha bei ya kila wilaya. Katibu asiyelisoma tangazo hilo ananunua mafuta gizani. Akilisoma ataona kwamba Kyerwa, penye kahawa nyingi, ni miongoni mwa mahali ambapo lita huuzwa ghali kupita kote nchini. Tofauti yake na Dar es Salaam hupita shilingi 200 kwa lita. Sababu yake ni nyepesi: dizeli huchomwa ili kuileta dizeli. Mkulima wa mbali hulipa mara mbili, mara ya kwanza mafuta yanapokuja kwake, na mara ya pili kahawa yake inapoondoka.

Hesabu ya safari moja

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Watu wengi husema, "Dizeli imepanda kwa theluthi, kwa hiyo gharama ya kubeba zao imepanda kwa theluthi." Usemi huu ndio unaowaletea wanachama hasara. Tuchukue mfano, ambao kila katibu aweza kuufanyia marekebisho kwa tarakimu za chama chake.

Lori la tani 7 hubeba kahawa ya maganda kutoka ghala la chama hadi kiwanda cha kukoboa, umbali wa kilometa 60. Likiwa limejaa hutembea kilometa 4 kwa lita, yaani hutumia lita 15 kwenda. Likirudi tupu hutembea kilometa 6 kwa lita, yaani lita 10. Jumla ni lita 25. Dizeli ikiwa shilingi 2,400, safari hutumia mafuta ya shilingi 60,000. Ukigawa kwa kilo 7,000 unapata shilingi 8 na senti 57 kwa kilo. Bei ikipanda hadi shilingi 3,200, safari hutumia shilingi 80,000, na kilo moja hubeba shilingi 11 na senti 43. Nyongeza haifiki shilingi 3 kwa kilo.

Sasa fikiri kwamba lori lile limeondoka likiwa na nusu ya mzigo, kilo 3,500, kwa sababu mwenyekiti alikuwa na haraka, au kituo kimoja hakikutoa taarifa ya uzito. Mafuta hayapungui kwa nusu; yatakuwa kama lita 23. Kwa bei ya zamani ya shilingi 2,400 kilo moja ingebeba shilingi 15 na senti 77. Kwa bei mpya itabeba shilingi 21 na senti 3.

Yafaa tuzitazame tarakimu hizi kwa makini. Lori lililojaa wakati wa mafuta ya ghali hubeba kilo kwa gharama ndogo kuliko lori la nusu mzigo wakati wa mafuta ya rahisi. Bei ya pampu haipangwi na chama. Saa ya kuondoka kwa lori hupangwa na chama chenyewe.

Vivyo hivyo kwa safari ya kurudi. Kama lori likirudi limebeba mbolea, saruji au bidhaa za duka za tani 7, mafuta yatakuwa lita 30, yaani shilingi 96,000, lakini yatagawanywa kwa kilo 14,000. Kila kilo itabeba shilingi 6 na senti 86, kiasi kilicho chini ya gharama ya kabla mafuta hayajapanda. Si rahisi kupata mzigo wa kurudi kila mara, na pengine utapatikana mara moja katika safari tatu. Lakini vyama viwili au vitatu vya jirani vikiagiza mbolea kwa pamoja na kuipangia siku ya safari ya kahawa, mzigo upo. Tahadhari moja tu: mapipa ya dizeli yasirudi katika lori hilo. Kahawa hushika harufu upesi, na mbao za lori zilizomwagikiwa mafuta zinaweza kuharibu shehena nzima.

Mwenye lori anapodai nyongeza

Vyama vingi havina magari yao, hukodi. Mafuta yakipanda, mwenye lori huja na madai. Tuseme chama humlipa shilingi 150,000 kwa safari ile ya kilometa 60. Dizeli imepanda kwa theluthi, naye anadai malipo yapande kwa theluthi, yaani shilingi 200,000. Kamati isiyo na hesabu hukubali, maana dai lenyewe linasikika kuwa la haki.

Lakini tumekwisha kuona kwamba mafuta ya safari yalikuwa shilingi 60,000 na sasa ni shilingi 80,000. Kilichoongezeka ni shilingi 20,000. Malipo ya haki ni shilingi 170,000. Mshahara wa dereva na utingo haukupanda siku ile pampu ilipobadilishwa bei. Kama matairi na vipuri navyo vimepanda, alete stakabadhi, na kamati izitazame bila ubishi. Katika msimu wa safari 40, tofauti ya shilingi 30,000 kwa safari ni shilingi 1,200,000. Kwa tani 280 hizo ni zaidi ya shilingi 4 kwa kila kilo ya mwanachama, kiasi kinachopita nyongeza ya mafuta yenyewe.

Njia iliyo bora ni kuandika jambo hili katika mkataba kabla ya msimu: safari hii ni lita 25, bei ya msingi ni bei kikomo ya wilaya yetu siku ya kutia sahihi, bei ikipanda chama kitaongeza tofauti ya lita 25, na ikishuka kitapunguza vivyo hivyo. Maneno "ikishuka" yasisahauliwe. Sote tunajua kwamba nauli hupanda siku moja na mafuta, lakini mafuta yakishuka nauli husahau njia ya kurudi.

Tabia za udereva

Mafuta yakiwa ghali madereva hubadili mwendo wao, na si kila badiliko ni la manufaa. Wako wanaoteremka mlima kwa kutia nyutro, hata kuzima injini kabisa, wakidhani wanabana matumizi. Hili ni kosa la hatari. Injini ikizimwa, usukani huwa mzito na upepo wa breki haujazwi tena. Na faida yenyewe haipo: katika injini nyingi za siku hizi, lori likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, karibu hakuna tone linaloingia, ilhali katika nyutro injini huendelea kunywa ili isizimike.

Penye akiba ya kweli ni kwingine: mwendo wa wastani, matairi yaliyojazwa upepo wa kutosha, chujio safi la hewa, na injini kuzimwa wakati magunia yanapopimwa badala ya kuachwa ikinguruma kwa saa nzima. Kadhalika kitabu cha safari kiandikwe kilometa, lita na uzito wa mzigo, na tanki lijazwe kikamilifu kila mara ili hesabu isitegemee makisio. Mafuta yakiwa ghali, kishawishi cha kuyanyonya kwenye tanki huongezeka. Kitabu kilichoandikwa vizuri humlinda dereva mwaminifu kama kinavyomfichua asiye mwaminifu.

Kijana wa bodaboda ana shida ya namna yake. Wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea hesabu ya siku isiyobadilika. Petroli ikipanda mwenye pikipiki hapotezi kitu; anayepunjika ni kijana. Hapo ndipo tunapoona mishikaki, abiria wawili na gunia juu, na mwendo wa kasi wa kuwahi safari nyingine, mwendo ambao nao hula mafuta zaidi.

Mashine ya kusaga na duka

Mwenye mashine ya kusaga hawezi kupandisha ada kwa shilingi 37 kwa debe, kwa kuwa sarafu za kulipia hazipo. Ama hupandisha shilingi 100 nzima, ama huacha ada ilivyo na kupunguza saa za kazi. Wengi huchagua la pili: mashine haiwashwi mpaka foleni itimie, au husaga siku mbili tu kwa juma. Ada haikupanda, lakini mama aliyekuja na debe lake asubuhi huondoka jioni. Nusu siku hiyo haiandikwi katika daftari lolote, nayo imetolewa shambani kwake. Kijiji kikikubaliana siku na saa za kusaga kwa kila kitongoji, mashine itafanya kazi ikiwa imejaa, na akina mama hawatangoja bure.

Wenye maduka nao wanaweza kukodi gari moja kwa pamoja badala ya kila mmoja kwenda mjini peke yake. Wengine huona kwamba kufanya hivyo ni kumfunulia mshindani siri. Siri ya katoni tano za sabuni, kwa maoni yetu, haistahili nauli inayolipwa kuilinda.

Wapo pia wanaoathirika na hatua zilizokusudiwa wengine. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta ya taa na dizeli. Sababu ilikuwa ya kweli, maana dizeli iliyochanganywa iliua injini nyingi. Lakini aliyelipa kila usiku ni mwenye koroboi.

Kituo cha mbali

Tumeliacha nyuma jambo lililo gumu kuliko yote. Mafuta yakipanda, wazo la kwanza la kamati nyingi ni kufunga kituo cha kununulia kilicho mbali. Kwenye makisio ya chama hiyo huonekana akiba. Lakini gharama haikufutika. Imehamishwa kutoka daftari la chama hadi kwenye mabega ya mwanachama. Asipoweza kuubeba mzigo kilometa 12, atamwuzia mlanguzi mlangoni pake, au atauza butura kahawa ikingali mtini. Chama kitakuwa kimeokoa lita chache na kupoteza kilo nyingi, na lori litaondoka na nusu mzigo, kwa gharama tuliyokwisha kuiona hapo juu.

Zoezi la kamati

Chukueni kitabu cha safari cha msimu uliopita. Kwa kila safari gawanyeni gharama ya mafuta kwa kilo zilizobebwa, mkaandike jibu pembeni. Ni safari ngapi ziliondoka na chini ya robo tatu ya mzigo, na kwa sababu gani? Kisha fikirini hali hii: kituo cha mbali hukusanya kilo 1,800 kwa mwezi, kiko kilometa 14 kutoka ghalani, na gari dogo la kukodi hubeba tani 2. Kifungwe, kifunguliwe siku moja kwa mwezi, au wanachama walipwe kiasi fulani kwa kilo wanayoileta wenyewe? Fanyeni hesabu ya kila njia, na kabla ya kuamua waulizeni wanachama wa kituo hicho wanatumia saa ngapi njiani. Majibu yasomwe katika Mkutano Mkuu siku ya kupitisha makisio na ukomo wa madeni.